Kutoka Ndiva Hadi Matone: Safari ya Maji ya Upare na Nyanya za Kitalu Nyumba

Ndugu zetu wa Upare, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Changizo letu la mwaka huu ni la maji. Tunataka kujenga vitalu nyumba vya nyanya vitakavyomwagiliwa kwa matone, na wakati huohuo kukarabati ndiva itakayovipa maji. Wapo wenzetu waliouliza, nao wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha zigawanywe mafungu mawili. Kitalu nyumba kinaonekana, kinapigwa picha, kinawapa vijana kazi. Ndiva ni bwawa la udongo la wazee. Kwa nini tusijenge vitalu vingi zaidi, ndiva ikasubiri mwaka mwingine? Makala hii ya historia ndiyo jibu letu.

WAZEE WALIVYOLAZA MAJI

Kila aliyezaliwa Upare anaijua tofauti ya juu na chini. Juu, kwenye misitu ya Shengena, kuna ukungu na mvua. Chini, kuanzia Same kushuka Makanya hadi Hedaru, tuko kwenye kivuli cha mvua. Miaka mingi mvua ya Same haifiki milimita 600, tena inagawanyika kati ya vuli na masika, na mara nyingi hukatika wakati mahindi yanatoa mbelewele. Kinachotuunganisha na mvua ya juu ni vijito vinavyoshuka mlimani.

Tatizo la kijito kidogo analijua kila aliyeshika jembe la kumwagilia. Ukikifungulia mfereji mchana, maji machache yanatambaa taratibu, ardhi inayanywa njiani, na shamba la mbali halioni kitu. Usiku mkulima amelala, lakini kijito hakilali. Maji yanapita bure hadi tambarare. Wazee wetu waliliona hilo wakatafuta dawa: wakachimba mabwawa kando ya mifereji, wakajenga kingo kwa mawe na udongo, wakaweka tundu la kutolea maji na kizibo chake. Hiyo ndiyo ndiva. Usiku maji yanalazwa humo. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, na kijito kilichokuwa kinatambaa kinatoka kwa nguvu ya kufika shamba la mwisho.

Tuseme wazi kwamba ndiva ilikuwa uhandisi. Ilichukua maji yaleyale ikayabadilishia muda na nguvu. Lakini nusu ya uhandisi huo haikuwa udongo wala mawe. Ilikuwa zamu. Kila ukoo ulijua siku yake, kila mfereji ulikuwa na msimamizi, na tope lilipojaa ulipigwa msaragambo. Asiyefika kwenye msaragambo alitozwa faini, au zamu yake ya maji ilimpita. Ndiva isiyozolewa tope hujaa na kuwa uwanja. Wazee walijua kwamba bila msaragambo hakuna ndiva.

Ndiva ya Manoo kule Bangalala imepata sifa hata nje ya nchi. Miaka ya 2000 watafiti wa vyuo vikuu vya ndani na vya ng'ambo walikuja kuisoma pamoja na mifereji ya bonde la Makanya. Walipima maji, lakini walitumia muda mwingi pia kuuliza watu wa juu na wa chini wanagawanaje kijito kimoja bila kupigana. Walichokuwa wanakisoma ndicho babu zetu walichokiita kawaida ya mfereji.

Ndiva zimepitia mabadiliko mengi. Ukoo ulipopungua nguvu, usimamizi ulihamia kwa viongozi wa vijiji, hasa baada ya vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi wa umwagiliaji wa asili uliosaidiwa na Wadachi ulikarabati ndiva na mifereji kadhaa ya Same na Mwanga, baadhi zikasakafiwa kwa saruji. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inataka watumiaji wa maji wawe na kibali, na kwetu kibali hicho kinapitia Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Saruji ilikuja, karatasi zikaja. Zamu na msaragambo vilibaki kuwa vyetu.

TONE LILIANZIA WAPI

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu mpira wa matone tunaotaka kuununua una historia yake.

Wazo la kuupa mmea maji kidogo kidogo kwenye mzizi ni la kale sana. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita kitabu cha kilimo cha Kichina cha Fan Shengzhi kilieleza jinsi ya kufukia chungu cha udongo shambani, kukijaza maji na kupanda matikiti kukizunguka. Maji hupenya ukuta wa chungu taratibu, na mizizi huyafuata. Njia hiyo bado inafanya kazi, na anayeanza na bustani ya jikoni anaweza kuitumia hata leo.

Umwagiliaji wa matone kwa mipira ya plastiki ni wa juzi tu. Mhandisi wa maji Simcha Blass, aliyehamia Palestina kutoka Poland, alionyeshwa miaka ya 1930 mti uliokuwa umestawi kuliko wenzake bila chanzo cha maji kinachoonekana. Alipochimba alikuta bomba linalovuja tone moja moja karibu na mizizi. Wazo hilo lilimkaa kichwani, lakini mabomba ya chuma ya wakati ule yalikuwa ghali na matundu madogo yaliziba. Ilibidi asubiri plastiki rahisi, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Blass na mwanawe walitengeneza kifaa chenye njia ndefu nyembamba ya kupunguza kasi ya maji mpaka yatoke kama tone. Mwaka 1965 walikubaliana na kijiji cha ushirika cha Hatzerim, katika jangwa la Negev nchini Israel, kuanzisha kiwanda cha Netafim.

Tuzingatie hapo. Kifaa kilikuwa cha Blass, lakini waliokishika ni watu wa kijiji cha ushirika, waliokuwa na ardhi kavu, maji machache, na desturi ya kufanya kazi na kuweka hesabu kwa pamoja.

Wakati huohuo, jimboni New York huko Marekani, Richard Chapin alikuwa akitengeneza mipira myembamba ya matone kwa ajili ya vitalu vya maua na mboga. Baadaye Chapin aligeukia wakulima wadogo wa Afrika, akabuni seti ya ndoo: ndoo moja inatundikwa kimo cha kiuno, mipira miwili inatoka chini yake, na bustani ya nyumbani inapata maji bila pampu wala umeme. Jirani zetu wa Kenya walizipokea seti hizo mapema. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo, KARI, ilianza kuzisambaza kwa wakulima mwaka 1996.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne iliyopita, tone lilikuwa limeshuka bei hadi kumfikia mama mwenye ndoo moja.

NYANYA NA NYUMBA YAKE

Nyanya tunayoila kila siku ni mgeni aliyetoka Amerika akazoea kwetu. Lakini ni mgeni mwenye madai. Ukimnyima maji siku tatu kisha ukammwagia mengi kwa mkupuo, tunda linapasuka. Maji yakipanda na kushuka, mmea haupati chokaa ya kutosha kwenye tunda, na kitako cha nyanya kinaoza kikiwa bado kibichi. Majani yakilowa usiku, bakajani chelewa inaingia na shamba linaungua kwa wiki moja. Ndiyo maana nyanya na matone vilipatana haraka: tone linatoa maji kidogo kila siku, kwenye mzizi, na jani linabaki kavu.

Nyumba ya plastiki nayo ina mwanzo wake. Mwaka 1948 Profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, kwa kukosa fedha za kununua kioo, alitandaza karatasi ya plastiki juu ya fremu ya mbao akapata kitalu cha bei nafuu. Kutoka hapo nyumba za plastiki zilienea duniani. Mkoa wa Almería kusini mwa Hispania, uliokuwa mkavu na maskini, leo umefunikwa na bahari ya plastiki nyeupe. Afrika Mashariki tuliziona kwanza kwenye mashamba makubwa ya maua, Naivasha na Arusha. Vijana wetu wengi waliokwenda kuvuna maua Arusha walirudi nyumbani wakijua kufunga mpira wa matone kabla hatujajua jina lake.

Hatua mbili zaidi zilifanyika karibu na sisi. Mwaka 1997 zilitolewa rasmi mbegu za nyanya Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na utafiti wa Tengeru, Arusha. Ni nyanya zenye ganda gumu zinazovumilia safari ya lori na tenga. Kisha mwaka 2014 akaingia nchini adui mpya, nondo anayetoboa majani na matunda, ambaye wakulima wenyewe walimpa jina la kantangaze. Mashamba ya wazi yaliteketea mbele ya macho. Tangu hapo kitalu chenye neti nzuri na mlango wa mara mbili kimekuwa ngao dhidi ya hasara.

HESABU YA TONE NA HESABU YA NDIVA

Tuweke hesabu mezani. Kitalu cha mita 8 kwa 30 kina eneo la mita za mraba 240 na kinachukua mimea kama 500. Mmea mmoja wa nyanya unapobeba matunda hunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Kwa hiyo kitalu kizima kinahitaji lita 500 hadi 1,000 kwa siku. Tenki la lita 1,000 lililowekwa juu ya jukwaa linatosha kukilisha kwa mteremko, bila pampu.

Sasa chukua ndiva ya mita za ujazo 400, ambayo si kubwa. Hizo ni lita 400,000. Usiku mmoja wa ndiva hiyo ungekilisha kitalu kimoja kwa zaidi ya mwaka. Bila shaka maji ya ndiva yana wenyewe, na mahindi na maharage hayatahamia kwenye kitalu. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba vitalu vichache vinaweza kuishi kwa sehemu ndogo sana ya zamu moja, ikiwa ndiva inashika maji. Ndiva iliyojaa tope na kingo zinazovuja haiwezi kumhakikishia mtu hata ndoo kumi mwezi wa tisa, wakati nyanya zinapouzwa kwa bei nzuri.

Kwa maneno mengine, kitalu bila ndiva ni nyumba yenye kiu. Jukwaa, tenki na mipira vitasimama vizuri kwenye picha ya uzinduzi, na mwezi wa tisa vijana watakuwa wanabeba madumu kichwani.

KILICHOVIUA VITALU VYA WENGINE

Sote tumeona, katika mikoa mbalimbali, mafremu ya vitalu yaliyobaki kama mifupa, plastiki ikipeperushwa na upepo. Sababu zake ni za kawaida, na zote zinatuhusu.

Ya kwanza ni tope. Tundu la mpira wa matone ni dogo sana, na maji ya mfereji yana mchanga, majani na ukoga. Bila chujio linalosafishwa kila siku, matundu yanaziba moja baada ya jingine. Huwezi kuliona tundu lililoziba. Unaona mmea umenyauka, nawe unadhani ni ugonjwa. Ndiva inayotunzwa vizuri inasaidia hapa pia, kwa sababu maji yaliyolala huacha tope chini.

Ya pili ni chumvi. Maji ya visima vya tambarare mara nyingi yana chumvi. Inaganda kwenye matundu na kujilimbikiza kwenye udongo ambao mvua haiufikii kwa sababu umeezekwa. Maji ya mlimani ni matamu zaidi. Ni sababu nyingine ya kuitunza ndiva kabla ya kuchimba kisima.

Ya tatu ni joto. Plastiki iliyofunga pande zote inafaa Suji, Mbaga au Usangi. Ukiipeleka Makanya bila kubadili kitu, joto la ndani linapita nyuzi 35 na maua ya nyanya yanapukutika. Tambarare inahitaji kitalu kirefu kwenda juu, pande za neti, na kivuli.

Ya nne ni udongo. Shamba la wazi unaweza kulipumzisha na kupanda mahindi. Kitalu ni kidogo na kila mtu anataka nyanya kila msimu, hivyo mnyauko bakteria na minyoo fundo hujenga makao. Lazima kuwe na ratiba ya kubadilisha mazao, hata kama pilipili hoho au matango yana faida ndogo msimu huo.

Ya tano, na ndiyo kubwa, ni kukosekana kwa mwenyewe. Mpira umetobolewa na panya: nani ananunua mwingine? Plastiki imechanika baada ya miaka michache ya jua: fedha ziko wapi? Kitalu kilicholetwa kama zawadi, bila mfuko wa matengenezo na bila zamu ya usafi, hufa siku kitu cha kwanza kinapoharibika.

Tukizitazama sababu hizi tano, tatu za kwanza ni za ufundi, na kila moja ina dawa yake. Mbili za mwisho ni za mpangilio wa watu. Hapo ndipo Upare ina urithi ambao fedha hainunui.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Watu husema matone yanaokoa maji, na ni kweli. Lakini mara nyingi anayeokoa maji huongeza shamba, na kijito kinaishia palepale. Aliye juu akifunga mipira kisha akaongeza vitalu vitatu, wa chini hatapata hata tone la ziada. Teknolojia haigawi maji. Watu ndio wanaogawa. Kwa hiyo tumekubaliana na kamati ya ndiva kwamba idadi ya vitalu itaandikwa kwenye kitabu cha zamu, na hakitaongezwa kimoja bila mkutano wa watumiaji wote, wa juu na wa chini.

HESABU WAZI

Wapare tuna historia ya pekee kuhusu kuchangia. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kutazama mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya watu wetu walikusanyika Same kuipinga, na hatimaye ikaondolewa. Wazee wale hawakukataa kutoa. Walikuwa tayari kulipa kiwango cha wote kilichopandishwa; walichokataa ni kukadiriwa kwa njia wasiyoiona. Mpare hakatai kutoa. Anakataa kufichwa hesabu.

Hatujasahau somo hilo. Fedha za mwaka huu zitagawanywa kwa utaratibu huu, na kila fungu litakuwa na daftari lake lililo wazi kwa mwanachama yeyote:

Kwanza, ndiva: kuzoa tope, kuziba nyufa, kuweka mlango mpya wa maji na kisima kidogo cha kutuamisha tope kabla maji hayajaingia kwenye bomba la vitalu. Kazi ya mikono itakuwa msaragambo wa walioko nyumbani. Fedha zetu ni za saruji, mlango na bomba.

Pili, vitalu: fremu, plastiki au neti kulingana na mahali, tenki, jukwaa, chujio, koki na mipira ya matone.

Tatu, mfuko wa matengenezo: kila mavuno, sehemu ya mauzo itarudi kwenye mfuko huu kabla vijana hawajagawana faida. Sisi tunauanzisha tu. Baada ya hapo ujilishe wenyewe.

Walio mbali mara nyingi hujiona wametengwa na msaragambo kwa kuwa hawawezi kufika na jembe. Mwaka huu mfuko wa saruji ni jembe. Anayetuma mpira wa matone wa mita kumi amefanya zamu yake sawa na anayezoa tope. Na likizo ya Desemba, mkija nyumbani, siku ya kuzoa tope imepangwa; hakuna faini kwa mgeni, lakini majembe yatakuwepo ya kutosha.

Tunawaomba mjaze fomu ya ahadi iliyo mwisho wa kijarida hiki. Kama ahadi yako ni ndogo, usione aibu. Kitalu kizima kitaishi kwa matone.

Ni sisi, Kamati ya Maendeleo.